Kwa Nini Tunagombana Juu ya Ampli za Bei ya Gari

Hapa Lubumbashi, ukitaka kuwasha ubishi mezani pa wapenda muziki, huhitaji siasa wala mpira. Taja McIntosh, au Linn, au Mark Levinson, majina ya ampli (mashine za kukuza sauti ya muziki) za gharama kubwa, halafu kaa usikilize. Mmoja atakuambia mashine hizo zimetengenezwa na watu wanaoujua muziki kuliko wengine wote. Wa pili atakuambia ni sanduku la alumini nene lenye vitu vya kawaida ndani, na anayelinunua analipia jina. Wote wawili ni watu wazima wenye akili zao, wote wana rumba ya zamani kabatini, na wote wameisikiliza mashine ileile, katika chumba kilekile, Jumapili ileile.

Hilo ndilo linalonishughulisha. Wanaobishana kuhusu bei ya unga wanaweza kwenda soko la mtaa wa Kenya, hapa mjini, wakauliza, ubishi ukaisha. Wanaobishana kuhusu sauti hawana pa kwenda, maana kipimo wanachokiamini ni sikio, na hakuna anayeweza kumwazima mwenzake sikio lake.

Nimewasikiliza miaka mingi, na naamini hawabishani juu ya jambo moja. Huyu anazungumzia sauti. Yule anazungumzia kazi ya mikono, uzito wa transfoma, kitufe kinachozunguka bila kukwaruza. Mwingine moyoni mwake anazungumzia historia, na mwingine heshima ya kuwa na kitu kama hicho sebuleni. Vyote vimebandikwa jina moja, ndiyo maana kila mmoja anamwona mwenzake ama mwongo ama kiziwi.

Nianze na sauti yenyewe, kwa sababu hapo ndipo maneno mengi yasiyo kweli husemwa kwa nia njema kabisa.

Floyd Toole, mwanasayansi wa Kanada, alichunguza spika kwa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti huko Ottawa kabla ya kujiunga na kampuni ya Harman mwaka 1991. Mwaka 1994 yeye na Sean Olive walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwenye mapenzi na sauti angepaswa kulijua. Wasikilizaji walizipa alama spika zilezile katika hali mbili: zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia, na zikiwa wazi mbele ya macho. Alama hazikufanana. Spika kubwa za gharama zilipandishwa zilipoonekana, na ile ndogo ya bei nafuu ikashushwa. Wasikilizaji hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya vifaa vya sauti, watu wanaokula kwa kazi ya masikio.

Kabla yao, mwaka 1978, kampuni ya Quad ya Uingereza ilimwachia mhandisi James Moir azipime amplifaya zake tatu kwa wasikilizaji wasioona kinachocheza. Moja ilikuwa ya zamani ya valvu, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, na mbili za transista. Wasikilizaji, miongoni mwao wahakiki wa kazi hiyo, hawakuweza kuzitofautisha kwa uhakika. Nawaheshimu sana Quad kwa jambo hilo. Kampuni ilikubali kuonyesha hadharani kwamba mashine yake mpya na ile ya zamani, zikitumika ndani ya uwezo wake, zinasikika sawa.

Tulijaribu sisi wenyewe hapa mjini, mtaa wa Kamalondo, nyumbani kwa mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye sebule yake ndiyo baraza letu. Yaya mmoja, yaani kaka mkubwa kwa Kiswahili chetu, alileta ampli yake ya kifahari aliyoinunua kwa mtu aliyerudi kutoka Ubelgiji: kilo nyingi, uso wa alumini uliosuguliwa, taa ndogo isiyoumiza macho. Pembeni tukaweka Yamaha ya kawaida ya miaka ya 1990, ile ambayo nusu ya mji huu iliwahi kuwa nayo. Tulifunga kitenge kutoka dirishani hadi kwenye kabati, fundi wetu akakaa nyuma yake na voltimita.

Kazi ya voltimita ndiyo siri ya jaribio lote. Fundi alicheza sauti moja ya majaribio akapima volti kwenye vituo vya spika, akazilinganisha ampli zote mbili kwenye volti 2.83, ambayo ni wati moja kwa spika yenye ukinzani wa umeme wa ohmu 8. Halafu akacheza muziki, akibadilisha bila kusema. Tukaandika kila mtu kwenye karatasi yake, hakuna kuangaliana. Karatasi zilipofunguliwa, majibu yalikuwa ya kubahatisha. Hata mwenye ampli hakuitambua yake.

Kisha fundi akafanya kitu bila kutuambia. Akaipandisha ile Yamaha kutoka volti 2.83 hadi 3.00. Hiyo ni nusu desibeli tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Muziki ulipoanza, hakuna aliyesema sauti imeongezwa. Mzee aliinua kidole.

"Hii ya sasa iko na pumuzi," akasema. "Ile ingine inafinya muziki."

Mwingine akasema waimbaji wamepata nafasi kati yao. Mwingine akasema ngoma sasa ina ngozi. Sebule nzima ilikubaliana, na wote waliamini wanasifu mashine ya kifahari. Baadaye akageuza: ya kifahari kwenye 3.00, Yamaha kwenye 2.83. Sifa zote zikahama pamoja na volti.

Fikiria sasa maduka ambako watu hununua, ambako muuzaji ndiye anayeshika kitufe cha sauti na hakuna voltimita. Fikiria maoni yote uliyowahi kusikia ya mtu aliyebadilisha ampli nyumbani, akaipandisha "kiasi kilekile" kwa kukadiria, na tangu siku hiyo ni mfuasi wa jina fulani. Yule mtu hadanganyi. Alisikia tofauti kweli. Kosa liko kwenye alichodhani ndicho chanzo.

Walakini yule yaya mwenye ampli hakukubali, na sababu yake ilikuwa nzuri. "Nyumbani kwangu, na bafle zangu, nasikia tofauti," alisema, akimaanisha spika zake. Wanaoshikilia vipimo wangemcheka. Mimi nadhani anaweza kuwa na haki, na hapa ndipo kundi la pili hukosea kwa kujiamini kupita kiasi.

Spika hazifanani kwa njaa ya umeme. Iko spika inayotoa desibeli 96 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja, na iko inayotoa 86. Tofauti hiyo ya desibeli 10 maana yake ya pili inahitaji wati mara kumi ili ifike palepale. Pale ambapo ya kwanza inakula wati 10, ya pili inadai 100, na ampli ndogo itakuwa imeshaanza kukata vichwa vya mawimbi. Tena ohmu zinazoandikwa nyuma ya spika ni wastani wa kibiashara tu. Baadhi ya spika kubwa za Bowers & Wilkins za mfululizo wa 800 huandikwa ohmu 8, lakini kampuni yenyewe inaeleza kwamba zinaweza kushuka hadi 3. Hapo ampli inadaiwa mkondo mkubwa, na transfoma nzito ya mashine ya kifahari inaacha kuwa pambo.

Ampli za valvu nazo zina lao. Ukinzani wa ndani wa nyingi kati yake ni mkubwa, kwa hiyo sauti inayotoka hufuata milima na mabonde ya ohmu za spika: masafa haya yanapanda kidogo, yale yanashuka. Ukibadilisha spika, ampli ileile inageuka tabia. Mtu wa kwanza anasema valvu zina joto na wa pili anasema zina ukungu, na kila mmoja anaeleza kwa usahihi kilichotokea nyumbani kwake. Bob Carver alilionyesha hilo mwaka 1985, alipofanya dau na jarida la Stereophile la Marekani kwamba angeigeuza ampli yake ya bei nafuu ya transista ilie kama ampli ya valvu ya gharama waliyoichagua wao. Alifanya kazi hiyo chumbani hotelini, akirekebisha saketi hadi tofauti kati ya mawimbi yanayotoka kwenye ampli hizo mbili ikakaribia kutoweka, na wahariri wakashindwa kuzitenganisha kwa sikio. Tabia ile waliyoiheshimu ilikuwa ya kweli, na ilipimika. Kumbe haikuwa mali ya jina.

Halafu kuna chumba, na hapa napenda kukawia, kwa sababu chumba ndicho kinachobadilisha sauti kuliko ampli yoyote iliyowahi kuuzwa, na ndicho kisichozungumzwa.

Nyumba zetu ni za matofali au bloku, sakafu ya saruji au karo, dirisha lenye vyuma, bati juu ya dari nyembamba. Chukua sebule ya urefu wa mita 4. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi lenye urefu wa mita 8, yaani hezi 43 hivi (mitetemo 43 kwa sekunde), linasimama kati ya kuta mbili na halitoki. Anayekaa kiti cha ukutani anapata besi inayotikisa kifua. Anayekaa katikati anakuta besi hiyohiyo imepotea. Wote wanaisikiliza mashine moja! Yule wa ukutani ataandika kwamba chapa hii ina besi nzito isiyodhibitiwa, na yule wa katikati ataandika kwamba ni kavu. Ukisukuma spika kwenye pembe ya chumba, besi inapanda tena. Ukiweka zulia nene mbele yake na kabati la vitabu nyuma ya msikilizaji, sauti za juu zinaacha kurukaruka juu ya karo, na ghafla mwimbaji anasogea mbele ya ukuta.

Kwa mzee wetu, kuzivuta spika kutoka pembeni na kulaza godoro la mgeni ukutani kulileta mabadiliko ambayo kila mtu aliyasikia, hata mjukuu aliyekuwa akipita na maji. Hakuna aliyehitaji karatasi. Godoro halina nembo, basi hakuna anayeligombania.

Umri pia uhesabiwe. Masikio hupoteza masafa ya juu kadiri miaka inavyokwenda, na kijana wa miaka 20 na mzee wa 70 hawapokei kitu kilekile kutoka spika moja. Kijana akisema sauti inachoma na mzee akisema iko safi, wote wawili wako sawa.

Nirudi kwa majina. Watu huyatetea kana kwamba ni ukoo, baba kwa mwana, lakini majina haya huuzwa na kununuliwa. McIntosh ilianzishwa na Frank McIntosh mwaka 1949, ikajijengea heshima huko Binghamton katika jimbo la New York. Mashine zake ziliendesha sauti ya tamasha la Woodstock mwaka 1969. Imepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na mwishoni mwa mwaka 2024 ilinunuliwa na Bose, kampuni ambayo wapenda hi-fi wamezoea kuibeza. Mark Levinson ni mtu halisi, alianzisha kampuni yenye jina lake mwaka 1972, akatoka miaka ya 1980 na jina likabaki nyuma yake. Leo ni mali ya Harman, na Harman tangu mwaka 2017 ni ya Samsung. Anayeisifu ampli ya mwaka 1977 na anayeiponda ya juzi wanatumia neno moja kwa kazi za watu wasiowahi kukutana.

Mara nyingine jina limetumika vibaya waziwazi. Mwaka 2010 wakaguzi walifungua kicheza diski cha Lexicon BD-30, kilichouzwa dola 3,500. Ndani wakakuta Oppo BDP-83 nzima pamoja na sanduku lake, mashine iliyokuwa ikiuzwa dola 500 hivi. Ilikuwa imevikwa uso mpya. Mwaka 2022 ikajulikana kwamba Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayouza santuri za gharama, ilikuwa imepitisha nyingi kati ya santuri hizo kwenye hatua ya dijitali, huku wanunuzi wakiamini zimetoka kwenye kanda ya sumaku moja kwa moja. Wanunuzi hao ni walewale wasemao dijitali inaua muziki na kwamba wao huitambua papo hapo. Walikuwa wameisikiliza kwa miaka na kuisifu. Sileti mfano huu kuwaaibisha. Santuri zile zilikuwa nzuri kweli, na uzuri huo walisikia vizuri. Kilichoanguka ni maelezo waliyopewa ya ulikotoka.

Kuhusu nyaya, kwangu ubishi umekwisha, na mtu wa Katanga ana haki ya kulisema hili kwa sauti. Mji huu umejengwa juu ya shaba. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, tanuru la Lubumbashi likamwaga shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na leo malori ya kathodi, yaani mabamba ya shaba iliyosafishwa, yanapita hapa kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, usiku na mchana. Kathodi ya daraja A, ile inayokubalika kwenye soko la metali la London, ina usafi unaozidi asilimia 99.99. Kisha shaba hiyo inarudi duniani ikiwa imevishwa nailoni ya kusukwa, na mita chache zinauzwa kwa maelfu ya dola kwa hoja ya usafi wa asilimia 99.99. Waya wa kawaida wa milimita mraba 2.5, urefu wa mita 5 hadi kwenye spika, kwenda na kurudi, una ukinzani wa ohmu 0.07 hivi. Mbele ya spika ya ohmu 8 unapunguza chini ya sehemu moja ya kumi ya desibeli. Mvulana anayefunga umeme wa nyumba pale Kampemba anao kwenye begi lake.

Je, basi waliolipa pesa nyingi wamepoteza? Hapana, na hapa naachana na rafiki zangu wa vipimo. Kitu kilichotengenezwa vizuri kina thamani hata kama sikio haliwezi kukitofautisha na cha kawaida. Bang & Olufsen, walioanza mwaka 1925 huko Struer, Denmark, walitengeneza vifaa ambavyo Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York liliviwekea maonyesho mwaka 1978. Mtu akikiweka kimoja sebuleni kwa sababu ni kizuri, na akasema ni kwa sababu ni kizuri, sina neno naye. Ubishi unaanza anaposema kwamba uzuri ule unasikika.

Na kuna thamani moja ambayo huko ng'ambo hawaigombanii sana, lakini hapa ndiyo ya kwanza: je, mashine itapona ikianguka? Umeme wetu unakatika, unarudi kwa kishindo, unashuka chini ya volti 220 hadi taa inakuwa nyekundu. Bila regulateri, kifaa cha kutuliza volti, ampli haina maisha. Mashine iliyonunuliwa Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka hapa bila kugeuza transfoma, unaizika siku hiyohiyo. Nimemwona fundi wetu akifungua ampli mbili kwenye meza moja pale Katuba. Moja ilikuwa ya zamani na ya jina kubwa: skrubu za kawaida, bodi zinazochomoka moja moja, namba ya kila kipande imechapwa pembeni yake, kapasita kubwa zimefungwa kwa bano unaloweza kulilegeza. Ya pili ilikuwa mpya, ya jina kubwa vilevile, na chipu yake kuu ilikuwa imefutwa maandishi makusudi ili mtu asijue ni nini. Ya kwanza ilikuwa ikiimba kabla jua halijazama. Ya pili bado iko kwenye rafu yake, nzima kwa nje, na mwenye nayo amekwisha kata tamaa.

Kwa hiyo nikiulizwa ipi ni chapa ya heshima, nawakumbuka McIntosh wa zamani. Kuanzia mwaka 1962, kwa karibu miaka thelathini, walizunguka kwenye maduka ya Marekani na vifaa vya kupimia, wakapima bure ampli ya mtu yeyote, ya kampuni yoyote, wakampa mwenyewe karatasi ya vipimo mkononi. Ndani ya vijitabu vyao waliweka mchoro wa saketi. Karatasi ile ingetatua nusu ya ubishi wa sebule yetu, na mchoro ule ndio uliomsaidia fundi wa Katuba aliyezaliwa baada ya mashine kutengenezwa. Chapa inayouza leo kwa bei ya gari huku ikifuta maandishi kwenye chipu zake haijanipa sababu ya kuitetea, ilie namna gani. Ile itakayoweka mchoro wake wazi na kuuza vipuri vyake mpaka huku Lubumbashi, nitaitetea mbele ya mzee, yaya na wote wenye voltimita, hata kama nyuma ya kitenge haitofautiki na Yamaha.